Shukrani kwa mama niliyekutana naye kwenye ekografia (ultrasound), Bukavu

Mama, jina lako sikuliuliza, ndiyo maana nakushukuru hapa mbele ya watu. Daktari alikuwa amepima maji ya shingoni mwa mtoto tumboni, akataja trisomia 21, yaani hali ya Down, kisha akaniuliza kama kweli nataka kuendelea na mimba. Mama mkwe alishaanza kusema mkosi umeingia ukoo.

Ulisogea kwenye benchi ukanieleza bila haraka: kipimo kile cha kati ya wiki ya 11 na ya 14 huonyesha uwezekano tu, si hakika. Tena trisomia 21 ni kromosomu (kibeba urithi ndani ya seli) moja ya ziada, jambo lililojulikana tangu 1959. Haihusiani na uchawi wala dhambi ya mtu. Binti yako, mwenye hali hiyohiyo, alikuwa anamenya ndizi. Alinikatia nusu, akachagua ile kubwa.

Hukuniamulia. Hilo ndilo nakushukuru zaidi. Ulisema mwanamke ana haki ya kupima na kujua, ila apewe habari kamili, pamoja na maisha ya watoto wenyewe, siyo orodha ya magonjwa peke yake. Sehemu hiyo inarukwa mno, na inaniuma.

Sheria ya nchi yetu, Kongo, ya Mei 2022 inawalinda wanaoishi na ulemavu, lakini majirani bado wanamwita mwanangu "maskini". Nawajibu kwa maneno yako. Mwaka huu anaanza chekechea. Ukisoma haya, njoo Kadutu, hapa hapa Bukavu, na binti yako, tule bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani.