Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika: Waliopiga vigelegele Khartoum wapewe viti

Mheshimiwa Mahmoud Ali Youssouf,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa tangu Februari 2022 hii ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika. Nakuandikia wewe kwa kuwa unatoka Djibouti, nchi ambayo, kama Sudan, ina kiti Addis Ababa na kingine katika Jumuiya ya Nchi za Kiarabu. Wewe huhitaji mkalimani ili uwaelewe wasichana wa Khartoum walioandamana kumwangusha Rais Omar al-Bashir wa Sudan. Hata sisi watu wa Mombasa, tukiwasikia wakiimba "hurriya, salam wa adala", tunatambua kuwa wanadai uhuru, amani na haki.

Katika ploti ninayokaa hapa Nairobi yuko msichana wa Omdurman, mji jirani wa Khartoum. Huniita khalti, nami niliitika siku ya kwanza bila kufikiri, maana kwetu dada wa mama ni halati. Kila jioni hukaanga buni kwenye kikaango kidogo, akaitwanga pamoja na tangawizi, kisha akachemsha katika jabana, birika la kahawa, ya mama yake. Mama huyo aliwasomesha watoto wanne kwa kuuza chai kando ya barabara. Zaidi ya mara moja askari walimnyang'anya birika na vigoda, naye akaanza upya kwa kukopa.

Simu ya binti huyu imepasuka kioo lakini hataki kuibadilisha. Ndani yake mna video ya mwanzo wa 2019. Ni saa saba mchana, mtaa umenyamaza, wanaume wamesimama milangoni wakiangaliana. Ghafla kinasikika kigelegele kirefu kutoka kichochoroni, na mtaa mzima unafurika watu. Ndivyo maandamano yalivyoanza siku nyingi: sauti ya mwanamke ndiyo iliyokuwa saa ya kutoka. Kigelegele kile kilikuwa chake.

Dunia inaikumbuka picha ya Alaa Salah, mwanafunzi wa miaka 22, akiwa juu ya paa la gari amevaa tobe jeupe, kidole juu, umati umemzunguka. Wakamwita Kandaka, cheo cha malkia wa Kushi, ufalme wa kale wa Sudan. Siku chache baadaye, tarehe 11 Aprili 2019, Omar al-Bashir akaanguka baada ya miaka 30 madarakani. Kilichowasukuma wasichana wale hakikuwa bei ya mkate peke yake. Walikua chini ya Kifungu cha 152 cha sheria ya jinai ya 1991, kilichoruhusu mwanamke kuchapwa hadi viboko 40 kwa vazi lililoitwa la aibu. Mwandishi wa habari Lubna Hussein alishtakiwa mwaka 2009 kwa kuvaa suruali. Na sheria ya ndoa ya Waislamu, nayo ya 1991, ilimpa hakimu uwezo wa kuidhinisha ndoa ya mtoto wa miaka 10. Mimi ni Mwislamu, nimelelewa madrasa, na sikubali kuambiwa kwamba hiyo ndiyo dini.

Walipata kitu. Novemba 2019 sheria ya utulivu wa umma, iliyompa askari ruhusa ya kumkagua mwanamke njiani, ilifutwa. Mwaka 2020 ukeketaji ukawa kosa la jinai. Waziri wa mambo ya nje akawa mwanamke, jaji mkuu akawa mwanamke. Lakini katika Baraza Kuu la utawala wa mpito, lenye watu 11, wanawake walikuwa wawili tu, na bunge walilotengewa asilimia 40 ya viti halikuundwa kamwe. Oktoba 2019 Alaa mwenyewe alisimama mbele ya Baraza la Usalama mjini New York kulalamika kwamba walioongoza maandamano wameachwa nje ya mazungumzo. Miaka miwili baadaye majenerali waliipindua serikali, na tarehe 15 Aprili 2023 wakaanza kupigana wao kwa wao.

Mheshimiwa, hapo ndipo moyo wangu unapouma. Mji ulipobaki bila hospitali wala soko, waliobaki kupika ni wale wale. Kamati za mitaa zilizopanga maandamano ziligeuka vyumba vya dharura, yaani vikundi vya kujitolea vya mitaani, zikawasha majiko ya jumuiya, zikatafuta dawa, zikawatoa watu kwenye mapigano. Mwaka 2025 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Right Livelihood. Wanawake walianzisha vyumba vyao ili waliobakwa wapate pa kwenda bila kuulizwa maswali. Binti wa hapa kwetu hutuma sehemu ya pesa za kahawa kwenye jiko moja la Omdurman, na huletewa picha ya sufuria ya dengu. Huikuza picha kwa vidole, akahesabu bakuli.

Wenye bunduki wanaitwa mezani kwa sababu wana bunduki. Wenye sufuria wanaitwa siku ya kupiga picha. Naomba ubadilishe hilo, nawe unaweza. Kikao chochote cha Sudan chini ya bendera ya Umoja kisifunguliwe mpaka nusu ya wajumbe wa raia wawe wanawake, wenye kura. Miongoni mwao wawemo wa vyumba vya dharura na wauza chai, si wasomi wa hotelini pekee. Na Itifaki ya Maputo ya 2003 kuhusu haki za wanawake wa Afrika, ambayo Sudan haijairidhia, iandikwe ndani ya mkataba wowote wa amani. Ikiachwa kwa ajili ya baadaye, baadaye hiyo tumeshaiona.

Jana nilimsomea binti barua hii, nikimfasiria neno hapa na pale. Alinyamaza, akanimiminia kikombe cha pili, kisha akauliza: wakiniita Addis, nitakwendaje? Paspoti yake imekwisha muda, na ofisi iliyompa iliteketea. Nilimwambia nitakuuliza wewe.

Wako katika matumaini,
Mama wa Kimombasa, Nairobi