Salamu za Shukrani kwa Uponyaji wa Mama Yetu

Familia yetu inamshukuru Mwenyezi Mungu aliyemrejesha mama yetu nyumbani akitembea kwa miguu yake, baada ya ugonjwa ambao kwa muda mrefu haukuwa hata na jina.

Ulianza kwa homa za jioni, jasho la usiku lililolowesha shuka, na mwili kupungua. Akinywa dawa, nafuu ilikuja. Zikiisha, homa ilirudi. Hatutausahau usiku ule mkono wake wa kulia ulipolegea ghafla, kikombe kikamponyoka, naye akakitazama bila kuweza kutamka neno. Ndipo kipimo cha moyo kikaonyesha kinyama kikipepea juu ya valvu, yaani kilango cha damu ndani ya moyo, kila moyo ulipopiga, na tukaelezwa kwamba kipande chake ndicho kilichomeguka kikaziba mshipa wa ubongo. Damu ilichukuliwa mara tatu ikawekwa kwenye chupa za maabara ili vijidudu vilivyomo, kama vipo, viote na kutambuliwa. Siku tatu zikapita, hakuna kilichoota.

Mtaalamu wa maabara hakukata tamaa na chupa zile. Aliendelea kuzifuatilia hadi alipojitokeza Cardiobacterium hominis, bakteria anayeota polepole, ambaye huishi mdomoni na kooni mwa watu wengi wenye afya na ni nadra kushambulia moyo. Wewe, ambaye mama hajawahi hata kukuona, ulitupatia jina la adui, na Mungu akulipe. Kuanzia hapo madaktari walijua wanapambana na nini: dripu za seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, kwa majuma sita, na upasuaji wa kubadilisha valvu iliyokuwa imetoboka.

Shangazi yetu, uliyelala kitini majuma yote hayo ukinyoosha vidole vya mkono ule kimoja kimoja hadi vikashika tena kijiko, sisi watoto tu wadeni wako.

Tunawashukuru pia madaktari, wauguzi, waliojitolea damu, waliochangia gharama za upasuaji, waajiri wetu, viongozi wa dini, vikundi vya sala, majirani, wakwe, wajomba, na ndugu wa karibu na wa mbali.

Tunawaomba radhi sana wote ambao hatukuwataja, hususan mliotuma michango bila majina na mliopiga simu tukashindwa kupokea kwa kuwa tulikuwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Mama anawaombea nyote kila alfajiri, na ametuagiza tuwaambie hivyo.