Bado Nasimama na Jide

Majengo,
Dodoma.

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi huku tu wazima, upepo na vumbi ni vilevile. Nimesoma ujumbe wako kwamba siku hizi hakuna mwanamke anayemfikia Zuchu kwa kuimba, nikaona hilo halijibiwi kwa meseji.

Zuchu anajua, sikatai. Ni mtoto wa Khadija Kopa, na taarabu ya mama yake unaisikia: kila neno analitamka likatoka safi, na kijembe kinatua palepale alipokusudia. Tangu lebo ya Wasafi imtambulishe mwaka 2020 hajapoa. Lakini mwenzangu, kuvuma na kuimba ni mambo mawili. Katika nyimbo zake nyingi mdundo ndio unaonibeba mimi, sauti inafuata.

Ndiyo maana bado nasimama na Lady Jaydee, Jide wetu. Jide aliibuka mwanzoni mwa miaka ya 2000, Bongo Fleva ikiwa imejaa wanaume, akatoa albamu zake na kukaa mbele. Sauti yake haina papara. Inakuja imetulia, na pale penye uchungu haipandishi, anaishusha, hadi unajikuta umesogelea redio. Mvuto ninaousema mimi ni huo. Wewe umenitajia sura na mavazi. Ray C naye alipewa jina la kiuno bila mfupa, watu wakamtazama sana, ila mimi nilikuwa nangojea ile sauti yake nyembamba ya kubembeleza. Nafasi ya pili nampa Nandy, na najua utanuna. Anapanda juu bila kukaza koo.

Halafu kuna watu hukuwataja kabisa, na hapo umeniumiza. Zawose Queens! Wako wawili: Pendo ni binti wa marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki na mzee wetu wa huku Ugogoni, na Leah ni mjukuu wake. Katika kundi la ukoo wao wanaume ndio walioongoza, wanawake wakaitikia na kucheza. Mwaka 2024 hawa wawili wakatoa albamu yao, Maisha, wakiongoza wenyewe. Wasikilize sauti zinavyopishana: moja inashuka, nyingine inaidaka na kuiruka. Wanawake wa Kigogo hupiga muheme, ngoma wameibana mapajani, na huku wanaimba. Pumzi ya namna hiyo studio haikupi. Na usiniambie Kigogo hukielewi, maana Saida Karoli aliimba Kihaya na nchi nzima ikacheza, wewe ukiwa wa kwanza kunyanyuka.

Itafute hiyo Maisha, uisikilize usiku nyumba ikiwa kimya, si ndani ya daladala. Kisha niandikie. Nataka unionyeshe, bila kunihesabia watazamaji wa YouTube, ni wapi Zuchu anamzidi Jide kwa sauti tupu.

Wasalimie shemeji na watoto.

Ni mimi rafiki yako,
wa Majengo