"Mal aux reins": figo au kiuno?

Mama mmoja kutoka Bujumbura aliingia kwenye ofisi yetu ya tafsiri na barua ya daktari ya Kifaransa iliyokunjwa mara nne. Mstari wa pili uliandikwa kwa mkono: *mal aux reins depuis trois semaines*. Kuna mtu alishamtafsiria kwamba ana "maumivu ya figo kwa wiki tatu", na mwanawe alikuwa ameanza kuulizia gharama za kusafisha damu. Tukamwomba atuonyeshe panapouma. Akaweka kiganja nyuma, pale pale anapofungia kanga. Mstari uliofuata ulisema *après avoir soulevé un sac*, yaani baada ya kuinua gunia.

Ukifungua kamusi, *rein* ni figo, na kamusi haikudanganyi. Lakini katika mazungumzo ya kila siku, Mfaransa, Mrundi au Mkongo anayesema *j'ai mal aux reins* kwa kawaida analalamikia kiuno, sehemu ya chini ya mgongo. Mgongo ukikaza ghafla huitwa *tour de reins*. Matumizi haya ni ya zamani. Kwenye Luka 12:35, Biblia ya Kifaransa ina *que vos reins soient ceints*, na yetu inasema "viuno vyenu na viwe vimefungwa". Hakuna aliyewahi kufunga figo mshipi!

Neno *rein* likiwa katika umoja, kama *rein droit*, basi ni figo la kulia. Wingi ndio wenye mtego. Kwenye majibu ya ultrasaundi, *reins de taille normale* ni figo zenye ukubwa wa kawaida. Kwenye maelezo ya mgonjwa, *reins* hizo hizo huenda ni kiuno. Kwa hiyo kwanza tunaangalia nani anasema, mgonjwa au kipimo, kisha tunasoma ukurasa wote kutafuta homa, mkojo, jiwe, au gunia. Pasipoeleweka, tunampigia mgonjwa simu kabla ya kugonga muhuri. Ugonjwa wenyewe tunamwachia daktari. Sisi kazi yetu ni kuhakikisha anasoma kile mwenzake alichoandika.

Ndiyo maana tunakataa kutafsiri mstari mmoja uliokatwa. Ukitutumia picha kwa WhatsApp, piga karatasi nzima, mbele na nyuma, hadi kwenye sahihi.