Kwa wanangu mnaouguza wazazi nyumbani

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mliokabidhiwa mzazi kutoka wodini akiwa amepooza upande mmoja kwa kiharusi, mkaambiwa mumgeuze kila baada ya saa 2 asipate vidonda vya kulalia, basi. Hakuna aliyewauliza mtalala saa ngapi. Nimeuguza, naijua kazi hiyo: uji kijiko kwa kijiko, mashuka kufuliwa kabla ya alfajiri, dawa za presha. Kisha mgonjwa anakukaripia wewe uliye naye na kumsifu aliyepiga simu kutoka Mwanza.

Nataka kusema juu ya shukrani, na najua baadhi yenu mmeshakunja uso. Mmechoka kuambiwa, "Shukuru Mungu, wenzio hata mzazi hawana." Maneno hayo hufunga mtu mdomo. Siwaambii mshukuru kiharusi. Kiharusi kimewaumiza, na kuchoka ni haki yenu.

Ninachowaomba ni hiki. Usiku, kabla ya kulala, taja mambo mawili matatu ya siku hiyo yaliyokwenda vizuri, na uyataje kwa sura yake. Usiseme tu "nashukuru kwa uzima". Sema: leo mama amemeza bila kupaliwa. Jirani amekaa naye, nikaoga nikamaliza. Kidole cha mkono uliopooza kimecheza. Yaandike kwenye daftari lile lile la vipimo vya presha. Uchovu hukumbuka kilichoharibika tu. Hayo mengine yasipoandikwa yanapotea.

Huko Marekani, wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha utafiti wao juu ya shukrani mwaka 2003. Kundi mojawapo lilikuwa la watu wenye maradhi ya neva na misuli. Walioandika mambo ya kushukuru kila siku, kwa siku 21, walisema wanapata usingizi zaidi kuliko wenzao. Hao walikuwa wagonjwa, si wauguzaji, lakini ni nani kati yenu asiyeutamani usingizi?

Shukrani nyingine isemwe kwa sauti, tena kwa mgonjwa mwenyewe. "Baba, ahsante, umenisaidia kukugeuza." Aliyepooza anaona haya kuwa mzigo. Ukimshukuru anajua bado ana cha kutoa, na mara nyingi hata ukali wake hupungua.

Siku ambayo huoni cha kuandika, liache daftari. Na kama usingizi umekataa kwa wiki kadhaa, chakula hakipiti, au unatamani yote yaishe, nenda kituo cha afya ukaseme hivyo hivyo. Hutakuwa umekufuru.

Nanyi ndugu mnaotuma pesa, ahsanteni, dawa zinanunuliwa. Ila mkipiga simu, mwulizeni anayeuguza hali yake kwanza, kabla ya ya mgonjwa. Na mwisho wa mwezi huu mmoja wenu aje, afundishwe kugeuza, alale chumba kile siku mbili, mwenzenu naye aende kwa rafiki yake akalale.

Mama yenu,
Tanga