Kasuku Wako Haharishi: Kuhusu Matunda, Fungu la Jioni na Bei Yetu

Dukani kwetu tunauza pakiti za matunda ya kasuku, yaliyokatwa na kugandishwa, na malalamiko yanayotufikia kuliko mengine yote ni haya: "Nimempa kasuku matunda yenu, sasa anaharisha." Juzi mteja alirudisha pakiti iliyokwisha funguliwa, akadai pesa zake na kutuambia mbele za watu kwamba tumemuuzia matunda yaliyochacha. Matunda yalikuwa mazima. Ndege naye alikuwa mzima. Tumeona afadhali tulieleze jambo hili kwa maandishi, maana si yeye pekee, na wengine hawarudi hata kuuliza. Wanamrudisha ndege kwenye alizeti tupu, na huko ndiko anakokwenda kuugua kweli.

Choo cha kasuku kina sehemu tatu. Kuna kinyesi chenyewe, cha kijani au kahawia, kilichojikunja kama kamba fupi. Kuna sehemu nyeupe ya chokaa, ambayo ni mkojo mzito wa ndege. Halafu kuna maji maangavu yanayozizunguka hizo mbili. Papai lina maji takriban asilimia 88, tikiti asilimia 92 hivi, na maji hayo yakishaingia hayana budi kutoka. Kwa hiyo baada ya matunda ya asubuhi, karatasi ya chini ya tundu italowa kwa saa mbili tatu. Wewe angalia ile kamba ya kijani: ikiwa bado ina umbo, huko si kuharisha. Kuharisha ni pale kinyesi chenyewe kinapokuwa uji, kinachanganyika na ile nyeupe, kinanuka, na manyoya ya chini ya mkia yanagandamana.

Rangi nayo isikutishe bure. Komamanga na bitiruti hugeuza maji yale kuwa mekundu, na tumeshapokea simu za saa nne usiku za watu wanaodhani ndege anatokwa damu. Ukiwa na shaka, ondoa matunda kwa siku moja, tandaza karatasi nyeupe isiyo na maandishi, uangalie kesho yake asubuhi. Ikiwa choo bado ni maji matupu na ndege hajagusa tunda lolote, hilo sasa ni la daktari wa mifugo, na usingoje keshokutwa.

Fungu la jioni

Wateja wengi hawabishani nasi juu ya ubora, wanabishana juu ya bei. Pakiti yetu ya nusu kilo ni shilingi 350, na mtu anatuambia kwamba kwa pesa hizo sokoni jioni anapata fungu zima la maembe na mapapai. Ni kweli, anapata. Yale ni matunda yaliyopondeka na kupigwa jua tangu asubuhi, na muuzaji anayaachia kwa bei ya kutupa kwa sababu kesho hayatauzika. Mtu anafika nyumbani, anakata upande uliooza, anampa ndege uliobaki.

Kwa tunda laini kama papai au embe, ukungu unaouona juu ni sehemu ndogo tu. Nyuzi zake zimeshazama kwenye nyama ambako jicho halioni, na sukari imeanza kuchachuka. Kasuku wa kijivu hasa ni mwepesi wa kupata ugonjwa wa mapafu na vifuko vya hewa unaoletwa na ukungu wa aspajilasi. Tunda lililochacha nalo huwalisha fangasi wa kandida ndani ya gole, ule mfuko wa chakula ulio chini ya shingo. Gole likishaingiwa, ndege anatapika, mdomo unanuka hamira, chakula hakishuki. Matibabu ni dawa ya fangasi ya kunyweshwa, zaidi ya mara moja kwa siku, kwa wiki moja au zaidi, na kumnywesha kasuku mkubwa ni kazi ya watu wawili na taulo. Tulipata kumlea kasuku aliyekuwa ametoka tu kwenye dawa hiyo. Mwenyewe alikuwa ameshalipa kwa daktari pesa za kununulia pakiti zetu miezi mingi, na chanzo ni mapapai ya fungu.

Njia ya mkato ya pili ni mbaya zaidi: matunda ya kukatwa ya barabarani. Mtu ananunua sahani yake, anakula, anamwachia ndege vipande vya mwisho. Muuzaji yule ana kisu kimoja na ubao mmoja, na parachichi limepita hapo.

Parachichi linaua kasuku. Sumu yake ni persini, nayo imo kwenye nyama, ganda, kokwa na majani. Inaharibu misuli ya moyo, maji yanajaa kuzunguka moyo na mapafu, na ndege anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini. Daktari atampa oksijeni, joto, na dawa za kupunguza maji kifuani, basi. Kwa bajerigari, yule kasuku mdogo mwenye gramu 30 au 40, kipande kidogo kinatosha kummaliza. Tunakerwa kusikia "mbona wa jirani alikula akaishi". Sisi kiasi salama tunakihesabu kuwa sifuri: haliingii parachichi jikoni mwetu, hata la chakula cha mchana cha wafanyakazi. Kachumbari iliyobaki mezani ihesabu hivyo hivyo, maana mbali na parachichi ina kitunguu na chumvi.

Ikitokea amekula, mpeleke kwa daktari wakati bado anaonekana mzima. Ukimwona amejitunisha manyoya, mkia unapanda na kushuka kila anapovuta pumzi, ujue moyo umeshaguswa.

Tunda kwa tunda

Embe tunalimenya lote, hatuachi ganda. Utomvu wa penye kikonyo unachoma, na ganda ndilo linalobeba dawa za shambani. Halafu kuna maembe na ndizi zinazoivishwa kwa kabaidi, ile kemikali ya kuivishia haraka. Embe la kabaidi limekuwa la manjano sawasawa kila upande, lakini halinukii penye kikonyo, na ukilipasua, karibu na kokwa ni gumu na chachu. Sisi tunanunua yaliyokomaa yakiwa bado magumu, tunayafunga kwenye boksi lenye magazeti pamoja na ndizi mbivu chache, tunangoja siku tatu hadi tano. Boksi linakaguliwa kila asubuhi, na lililoanza doa linatolewa kabla halijaambukiza mengine. Haya yote yamo kwenye zile shilingi 350.

Tufaha likatwe robo nne na moyo wake wote utolewe pamoja na mbegu. Mbegu zina amigdalini, ambayo ikisagwa hutoa sumu ya sianidi. Mtu anaweza kumeza mbegu nzima ikapita salama. Kasuku hamezi, anapasua kwa mdomo na kula kiini. Kokwa za plamu na pichi ni vivyo hivyo. Stafeli na topetope ni tamu na ndege wanazipenda, lakini mbegu zake zina sumu na zimejificha kwenye nyama, kwa hiyo tunazichomoa moja moja kwa vidole, kisha mtu wa pili anapapasa tena. Stafeli moja kubwa inaweza kumshika mfanyakazi nusu saa. Pasheni iwe imeiva kabisa, ganda limekunjamana. Changa ina viini vya sianidi.

Papai, pera na komamanga ndiyo matunda tunayoyaamini zaidi. Papai na embe vina rangi ya karotini, ambayo mwili wa ndege unaigeuza kuwa vitamini A, na alizeti karibu haina kitu hicho. Kasuku aliyelelewa kwa alizeti miaka mingi utamjua: anapiga chafya, pua zimeziba, na ukimfungua mdomo unakuta vinundu vyeupe. Ndizi haina ubaya, ila watu wanaitoa kupita kiasi kwa sababu haikosekani nyumbani. Sukari yake ni nyingi, vitamini kidogo.

Kwenye misitu ya Kongo kasuku wa kijivu hula matunda ya mchikichi. Tukiyapata tunatoa moja kwa siku, si zaidi, kwa sababu ya mafuta, na kumtazama kasuku akilishika chikichi kwa mguu, akichuna ile nyama nyekundu hadi kokwa libaki tupu, ni raha. Pilipili mbichi nayo mpe bila woga. Ndege hasikii ukali wake, na vitamini imo.

Matunda ya kopo yana sharubati, na yaliyokaushwa ya dukani mengi yametiwa salfa. Usinunue.

Kiasi, na namna ya kumpa

Matunda ni kionjo, yasizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku. Theluthi mbili hivi iwe peleti nzuri, yaani chakula cha ndege cha dukani kilichoshindiliwa kuwa punje, iliyobaki mboga: sukuma wiki, karoti, boga lililochemshwa, majani ya kunde. Kasuku wa kijivu mwenye gramu 400 hadi 500 anatosheka na kijiko kimoja hadi viwili vya mezani vya matunda. Bajerigari na lavubadi, ambao ni kasuku wadogo, nusu kijiko cha chai, tena si lazima kila siku. Ukizidisha, anashiba maji na sukari, anaziacha peleti, na madini ya chokaa yanapungua mwilini. Kasuku wa kijivu akipungukiwa na chokaa hutetemeka, huanguka kutoka kwenye kijiti, hata kupata kifafa. Nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, umpime kila wiki asubuhi kabla hajala. Akipungua sehemu ya kumi ya uzito wake, nenda kwa daktari.

Osha tunda zima kabla ya kulikata, hata kama utalimenya, kwa sababu kisu hupeleka uchafu wa ganda ndani. Siki kipimo kimoja kwa maji vipimo vitatu, loweka dakika kumi, kisha suuza mara mbili kwa maji ya bomba. Sabuni hapana. Kwa kasuku mkubwa kata vipande vya sentimita moja hadi mbili ili ashike kwa mguu. Kwa wadogo, kwaruza. Mpe asubuhi kabla ya peleti, na saa mbili zikipita toa kilichobaki. Msimu wa kaskazi, joto la Mombasa halikupi saa mbili; toa baada ya saa moja. Angalia na bakuli la maji, kwa kuwa kasuku anapenda kuchovya vipande humo, na kufikia adhuhuri yale si maji ya kunywa tena.

Bakuli liwe la stenlesi au la kauri. Vibakuli vya bati vinavyokuja na matundu ya bei nafuu vimepakwa zinki, na nanasi, chungwa au pasheni zinailamba zinki hiyo ikaingia kwenye chakula. Tumeona ndege wanaotapika na kuzubaa, wenye ndege wakilaumu nanasi, kumbe ni bakuli.

Sisimizi wakifuata matunda, usipulize dawa ya wadudu chumbani. Mapafu ya ndege hayaihimili hata kidogo. Simamisha miguu ya tundu ndani ya makopo yenye maji, na kila kopo ulibadilishe maji baada ya siku mbili ili mbu wasizaliane.

Kwa nini 350

Nanasi la kilo mbili likishamenywa na kutolewa moyo hubaki kilo moja hivi. Embe linapoteza ganda na kokwa. Yale tunayoyakataa baada ya kuyapasua ni hasara yetu, hatuyachanganyi humo ndani ili kujaza uzito. Vipande vinatandazwa kwenye sinia, vinagandishwa kimoja kimoja ndipo vinatiwa kwenye pakiti, ili utoe vijiko viwili bila kuyeyusha nusu kilo. Unaviyeyusha ndani ya friji usiku kucha, unachuja maji, unampa vikiwa vimeondoka baridi kali. Pakiti ikifunguliwa imalizike ndani ya wiki mbili, ikiwa kwenye friza muda wote.

Anayetaka kufanya yote haya mwenyewe nyumbani, tunamuunga mkono kwa moyo mmoja, na tutamwonyesha jinsi ya kuchagua bila malipo. Tunachokikataa ni kulinganishwa na fungu.

Kwa wanaotuachia ndege wakisafiri: chakula cha matunda kimo kwenye bei ya malezi, na kila ndege anapimwa uzito asubuhi, unaupokea kwa simu. Kasuku wa kijivu hatumpokei bila nakala ya kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Tangu 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wa porini imefungwa, na sheria ya Kenya inadai kibali kwa kila anayemfuga.

Maagizo ya Jumamosi yafike kabla ya Alhamisi saa sita mchana, kwa kuwa Ijumaa alfajiri ndipo tunapokwenda soko la Kongowea. Njoo na mfuko wa baridi au kopo lenye barafu. Pakiti ikiyeyuka njiani ukaigandisha tena, hatuibadilishi.