Ndizi nitakutafutia, nyanya nunua hukohuko

Moshi, Jumapili jioni

Shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka mlimani. Sisi wazima, baridi tu inatutesa. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa jikoni, nikacheka hadi shemeji yako akaja kuuliza kuna nini. Eti ninunue vyakula vyote vya harusi ya binti yetu huku Moshi nikutumie Tanga, kwa sababu "huko vinaota hata barabarani"! Haya, nimekuzungukia masoko wiki nzima. Kaa kitako nikupe hesabu.

Kwenye ndizi una haki. Jana nilipanda hadi Mwika, mama mmoja akaniuzia mshare, zile ndizi za kupika, kwa 12,000 mkungu, umeshiba, vidole vimenona. Mkungu kama huo, Ijumaa, pale soko la Mbuyuni mjini niliambiwa 18,000 na muuzaji hakutaka hata tupatane. Si mbali, daladala tu, lakini hapo katikati kuna nauli ya mchuuzi, nauli ya mkungu wenyewe, kijana wa kubeba, ushuru wa soko, na yeye naye anataka chake. Mimi nikajifanya mjanja, nikateremka na mikungu miwili. Konda akaitoza kama abiria, utomvu ukanichafulia kitenge, na nafuu yote ya Mwika ikaishia njiani Himo.

Kwa mikungu kama kumi na mitano ya harusi, hata hivyo, mambo ni tofauti. Kuna dereva analeta machungwa ya Muheza hapa mjini, akishashusha anarudi huko kwenu na gari karibu tupu. Nimeongea naye, atachukua 3,000 kwa mkungu. Wewe uliniambia soko la Mgandini umetajiwa 28,000, sivyo? Basi fanya hesabu mwenyewe. Sharti zikatwe zikiwa zimekomaa lakini bado ngumu, zifunikwe majani makavu, na zipakiwe jioni. Zikipigwa na jua njia nzima, karibu kilomita 350, utapokea ndizi za kuchoma badala ya za nyama.

Nyanya ndiyo habari nyingine. Wewe unadhani kwa kuwa zinalimwa huku basi zinagawiwa. Alfajiri pale sokoni tenga linapofunguliwa, wanaosubiri si mimi na kikapu changu. Ni wanunuzi wa kwenda Dar, na wengine wa kuvuka Holili kwenda Kenya, simu masikioni, wanaulizia bei ya huko kabla ya kutaja bei ya hapa. Kenya zikiadimika, sisi tunaolima nyanya tunanunua kama tumeletewa kwa ndege. Nakumbuka masika moja ugonjwa wa bakajani ulipiga mashamba, nikapikia familia supu nyeupe wiki mbili.

Halafu kuna hili la kipimo, na hapa ndipo uliponichanganya. Ulisema kwenu nyanya ni 1,000, nikashtuka kwamba mnatupita kwa urahisi. Kumbe unasema fungu! Huku tunauziana kwa sado, zile ndoo za rangi za lita nne, na mama akiwa na moyo anaweka kilele. Sado tano ni debe. Fungu la kwenu lilikuwa na nyanya ngapi, nne? Tano? Ukizimwaga kwenye sado zitafunika kitako tu. Usilinganishe tena bei kabla hujaniambia chombo.

Karoti, kabichi na hoho usihangaike nazo huku kabisa. Lushoto iko mkoani kwenu, magari yanateremka Mombo kila siku. Kuzitoa huku ni kulipia mafuta ya lori bure. Viazi hivyo hivyo.

Parachichi nikuchekeshe kidogo. Za kienyeji zinaanguka chini ya miti, tunawapa hadi nguruwe. Lakini zile za Hass, zenye ngozi ngumu, mwenye mti hathubutu kumkatia mtoto: mnunuzi wa kupeleka nje anazipima kwa kilo. Mti uko uani kwa jirani yangu, na parachichi anakuja kuomba kwangu.

Msituonee wivu sana, basi. Nazi moja hapa nainunua kwa pesa ambayo kwenu unapata mbili na chenji inabaki. Dafu ndiyo usiseme, ni kinywaji cha wagonjwa na wageni. Kwa hiyo dereva huyo akiondoka Tanga kwa safari yake nyingine, mpe nazi thelathini zangu, nitazilipia kwenye hesabu ya ndizi. Zisiwe changa, nataka za kukuna.

Nijibu kabla ya Alhamisi ni mikungu mingapi hasa, kwa sababu yule mama wa Mwika anataka nimwambie mapema ili asimuuzie mwingine. Na uniambie kama upande wa bwana harusi wanakula mtori, ile supu yetu ya ndizi na nyama, maana hapo nitaongeza miwili.

Msalimie shemeji, na bibi harusi wetu mwambie aache kujikondesha.

Mimi rafiki yako wa bweni